Jinsi DVD kuukuu inavyoweza kumwandaa kijana wa Likoni kwa mtihani wa Kijerumani

VIBANDA vya DVD vilivyokuwa vimechipuka kama uyoga kando ya barabara za Likoni, Kongowea na Magongo vimepungua mno. Mteja aliyezoea kununua diski ya filamu kwa shilingi 50 sasa huitazama filamu hiyo kwenye simu yake, nazo diski zilizobaki nyumbani zimesukumwa mvunguni mwa kitanda pamoja na mashine iliyokuwa ikizicheza.

Hata hivyo, DVD iliyotengenezwa na kampuni yenye filamu ina jambo ambalo kitabu cha lugha hakina. Muundo wake unaruhusu hadi mikondo 8 ya sauti na mikondo 32 ya maandishi yanayopita chini ya picha. Yaani, mwanafunzi anaweza kumsikia mwenye lugha akisema, akayasoma maneno yale yale, na viwili hivyo vimefungamanishwa kwa saa, dakika na sekunde.

Ni kufungamana huko kulikozaa mbinu ya kuikatakata filamu sentensi baada ya sentensi, kila sentensi ikawa kadi ya kukariri yenye sauti, picha na maandishi yake. Kadi hizo huwekwa kwenye simu, na simu humrudishia mwanafunzi kila kadi pale inapokadiria kwamba anakaribia kuisahau.

Kwa vijana wa nje ya kisiwa cha Mombasa, hasa wale wanaojifunza Kijerumani, mbinu hii si mchezo wa wapenda mitambo. Mnamo Septemba 13, 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini jijini Berlin mkataba wa uhamiaji na ajira, mbele ya Rais William Ruto na Chansela wa wakati huo, Olaf Scholz. Tangu hapo hamu ya kuijua lugha hiyo imepata sababu mpya.

Lakini mkataba haumwondolei mtu mtihani. Anayetaka kwenda kufundishwa kazi huko Ujerumani kwa kawaida hutakiwa kufikia kiwango kiitwacho B1, naye muuguzi anayetafuta leseni kamili hutakiwa kupanda hadi B2. Mtihani wa B1 wa taasisi ya Goethe una sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Kila sehemu ina alama 100, na anayepata chini ya 60 katika sehemu moja hana budi kuilipia tena na kuirudia. Ada hiyo mara nyingi haitoki katika mfuko wa mtu mmoja. Ni mchango wa wazazi, wajomba na shangazi.

Sehemu ya kusikiliza ndiyo inayowaponza wengi. Darasani mwalimu husema polepole, akalitamka kila neno kwa ukamilifu kama anayemlisha mtoto. Katika mtihani, na hasa katika wodi ya hospitali ya ugenini, hakuna anayesubiri.

Kizazi kilichotangulia hakikuwa na shida hiyo. Vijana waliokuwa wakiuza vinyago na kuwatembeza wageni katika fuo za Bamburi, Shanzu na Diani walijifunza Kijerumani na Kiitaliano kwa masikio, bila kuingia darasani, kwa kuwa wenye lugha walikuwa wakipita mbele yao kutwa. Wengi wao hawakuweza kuandika barua, ila walielewa kila walichoambiwa, na mzaha juu yake.

Mlango huo umekuwa ukifunguka na kufungika. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilipovamiwa na ghasia kuenea, watalii walitoweka na hoteli zikabaki mahame. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zikaja na yake, kisha janga la corona mwaka 2020. Kijana wa Mtongwe au Mtopanga anayejiandaa kwa mtihani leo hawezi kutegemea kumpata Mjerumani wa kuongea naye kila jioni. Inambidi amtafute kwingine, na diski ni mojawapo ya mahali alipo.

Kuna kinaya katika jambo hili. Upande wa Nyali, ng'ambo ya Mji wa Kale, upo mnara wa kumkumbuka Johann Ludwig Krapf, mmishonari kutoka Württemberg aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kumzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga pwani hiyo mwaka huo huo. Krapf alikaa na wenyeji, akawasikiliza na kunakili maneno yao kwenye karatasi. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa London mwaka 1882, baada ya kifo chake. Wakati huo Mjerumani ndiye aliyekuja kuomba lugha. Sasa foleni imegeuka.

Kwa nini basi kadi, na si kuitazama filamu mara kumi? Jibu linapatikana katika kazi ya Mjerumani mwingine, Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio ya kumbukumbu na kuyachapisha mwaka 1885. Alikariri silabi zisizo na maana, akajipima baada ya muda tofauti tofauti. Alikuta kwamba baada ya saa moja tu, zaidi ya nusu ya kazi aliyoifanya ilikuwa imepotea, na baada ya siku moja imepotea takriban thuluthi mbili. Baada ya hapo usahaulifu hupunguza kasi. Kinachorudiwa kabla hakijapotea hudumu zaidi kila kinaporudiwa, hivyo muda kati ya marudio unaweza kurefushwa: siku, juma, mwezi, miezi kadhaa.

Aliyesoma chuo cha Kurani Kisauni au Likoni hatashangazwa na habari hiyo. Mwanafunzi anayehifadhi huwa hasomeshwi sura mpya tu. Hudurusu za jana, za juma lililopita na za mwaka uliopita, tena kwa sauti, mbele ya mwalimu. Asipodurusu, humtoka. Tofauti ni kwamba chuoni hesabu ya nini kirudiwe lini imo kichwani mwa maalimu.

Katika miaka ya 1970 mwandishi wa habari Sebastian Leitner alieneza njia ya kuifanya hesabu hiyo kwa sanduku lenye vyumba vitano. Kadi inayojibiwa sawasawa husogezwa chumba cha mbele kinachopitiwa kwa nadra zaidi. Inayokosewa hurudishwa cha kwanza. Mwaka 1987 Piotr Woźniak wa Poland aliiingiza hesabu ya namna hiyo katika tarakilishi. Mwaka 2006 Damien Elmes, aliyekuwa akijifunza Kijapani, akatoa programu ya bure iitwayo Anki, neno la Kijapani lenye maana ya kukariri. Ndiyo inayotumiwa zaidi na wajifunzao lugha, na ile ya simu za Android, AnkiDroid, pia hailipiwi. Kadi zikishaingia kwenye simu, hazihitaji intaneti tena. Mtu anaweza kuzipitia akiwa amesimama katika kundi linalongoja feri ya Likoni bila kutumia hata senti moja ya data.

Kazi ya kukata filamu hufanywa na programu nyingine, subs2srs, inayotumika katika tarakilishi za Windows. Ili ifanye kazi inahitaji vitu viwili: filamu yenyewe iliyokwisha kuhamishwa kutoka kwenye diski, na faili ya maandishi yake.

Faili hiyo ni kitu chepesi kabisa. Kila mstari wa mazungumzo una nambari, wakati unapoanza, wakati unapokoma, na maneno. Programu husoma nyakati hizo, ikaikata sauti kati ya mwanzo na mwisho, ikachukua picha moja ya tukio, kisha ikaandika orodha ambayo Anki huipokea na kuigeuza kadi. Filamu ya saa moja na nusu huweza kutoa kadi elfu moja kwa dakika chache. Kadi hizo zote, pamoja na sauti na picha zake, hazifikii hata sehemu ya kumi ya ukubwa wa diski ya gigabaiti 4.7.

Ugumu umo katika kuyapata maandishi. Katika DVD maandishi ya chini hayakuhifadhiwa kama herufi bali kama picha za herufi. Kwa hiyo huhitajika programu kama SubRip ya kuzitazama picha hizo na kuzitambua herufi moja moja, na mashine, kama mwanadamu asiye na miwani, hukosea. Katika Kijerumani kosa la nukta mbili si dogo. "Schon" ni "tayari", na "schön" ni "nzuri". Anayekariri kadi elfu moja bila kuzikagua anaweza kukariri makosa mia moja kwa uaminifu mkubwa.

Kosa la pili ni la mkato. Maandishi ya chini mara nyingine huondoka kwenye kioo kabla msemaji hajamaliza, na programu ikikata hapo hapo, mkia wa sentensi hubaki nje. Kwa Mswahili hilo lingekuwa hasara ndogo. Sisi husema "nitakupigia", na ndani ya neno moja mmekwisha kuingia mtendaji, wakati, mtendwa na tendo. Mjerumani husema "Ich rufe dich morgen an", nitakupigia simu kesho, na kile kijineno "an" cha mwishoni ni kipande cha kitenzi "anrufen" kilichotengwa na mwenzake na kutupwa ukingoni. Kikikatwa, kinachobaki ni "ninakuita". Ndiyo sababu anayetengeneza kadi hushauriwa kuiambia programu iongeze robo au nusu ya sekunde kila upande.

Mfano huo unaonyesha pia ubora wa kukariri sentensi nzima kuliko orodha ya maneno. Orodha itampa mwanafunzi "anrufen" likiwa zima, jinsi ambavyo katika mazungumzo mara nyingi halitamfikia. Sentensi yenye sauti humzoeza kusubiri hadi mwisho kabla ya kuamua ameambiwa nini.

Upande wa kwanza wa kadi unafaa uwe na sauti pekee. Mwanafunzi asikilize, ajaribu kuelewa, ndipo ageuze kuona maandishi na maana. Picha nayo iwekwe upande wa pili, kwa kuwa uso wa mwigizaji aliyekasirika hutoboa siri. Na maana iandikwe kwa Kiswahili, na mwanafunzi mwenyewe. Wengi huiandika kwa Kiingereza kwa sababu ndiyo lugha ya vitabu vyao, wakajikuta wakipitia mlango wa jirani ili kuingia nyumbani kwao.

Jambo linalowaharibia wengi kazi hata kabla ya kuianza ni uteuzi wa filamu. Mtu huchukua filamu ya Marekani yenye sauti ya Kijerumani na maandishi ya Kijerumani, akadhani amepata. Hajapata. Sauti hiyo ilitafsiriwa na kundi moja lililotaka maneno yaoane na midomo ya waigizaji, na maandishi yakatafsiriwa na mtu mwingine aliyetaka mistari mifupi. Masikio yatasikia hiki na macho yatasoma kile. Lazima iwe filamu iliyozaliwa katika Kijerumani, na hata hapo maandishi yalinganishwe na sauti, kwa kuwa waandishi hupenda kufupisha.

Ipo filamu moja ambayo Mkenya anaanza nayo akiwa na mtaji. "Nirgendwo in Afrika", yaani "Popote pale Afrika hakuna", ya mwaka 2001, iliongozwa na Caroline Link kutokana na kitabu cha Stefanie Zweig. Inahusu familia ya Kiyahudi iliyoukimbia utawala wa Hitler mwaka 1938 na kuhamia mashamba ya Kenya, na iliigizwa humu humu nchini. Ilitunukiwa Oscar mwaka 2003 kama filamu bora ya lugha ya kigeni. Mwigizaji Mkenya Sidede Onyulo, aliyeaga dunia mwaka 2008, ndiye Owuor, mpishi anayemfunza binti wa familia hiyo Kiswahili. Mazungumzo ya nyumbani, ya jikoni na ya ugonjwa yamo tele, na Kiswahili kinasikika kando ya Kijerumani.

"Die weisse Massai" ya mwaka 2005 ina uhusiano wa karibu zaidi na eneo hili. Kitabu kilichotangulia filamu hiyo, cha Mswisi Corinne Hofmann, kinaeleza jinsi alivyomwona kwa mara ya kwanza Msamburu aliyekuja kuwa mumewe wakiwa ndani ya feri ya Likoni. Jicho lake kwa Waafrika huwakera wasomaji wengi wa huku, na si bila sababu. Lakini anayewinda sentensi halazimiki kukubaliana na msemaji.

Filamu za mabanda ya video hazifai kwa kazi hii, ingawa ndizo zilizowafunza wengi kupenda filamu. DJ Afro nchini Kenya, kama marehemu Lufufu kule Tanzania, husimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili, naye ana ufundi wake unaostahili makala nyingine. Ila sauti ya wenyewe huwa imefunikwa. Diski za bei nafuu zenye filamu nyingi kwa pamoja nazo huwa hazina mikondo ya maandishi, kwa kuwa imeondolewa ili kupata nafasi.

Diski halali inayotumwa na jamaa aliyeko Ujerumani huja na kizuizi chake. Dunia ya DVD iligawanywa kanda: Ulaya Magharibi ni kanda ya 2, na Kenya, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, ni kanda ya 5. Mashine ya hapa inaweza kuikataa. Kisomeo cha DVD cha tarakilishi kwa kawaida huruhusu kanda ibadilishwe mara 5 pekee, kisha hukwama katika ile ya mwisho.

Sheria nayo haijalala. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 hulinda filamu, na ingawa hutoa nafasi ya matumizi ya haki kwa shughuli za mtu binafsi, inakataza kuvunja kufuli za kielektroniki, ambazo DVD nyingi za kibiashara huwa nazo. Kuziuza kadi zilizokatwa kutoka filamu ya mwenyewe, au kuzisambaza kwa darasa zima, ni kujitafutia kesi. Asiyetaka mashaka ana njia nyeupe: Deutsche Welle, ambayo Wakenya wameifahamu kwa matangazo yake ya Kiswahili tangu 1963, hutoa bila malipo mfululizo wa video za kujifunzia uitwao "Nicos Weg", kuanzia kiwango cha A1 hadi B1, pamoja na maandishi yake. Video hizo zilitungwa kwa ajili ya wanafunzi, hivyo usemi wake ni safi kuliko ule wa mtaani. Zinafaa kwa kuanzia. Filamu zifuate masikio yakishakomaa.

Baada ya kadi elfu moja kuingia kwenye simu, huja kishawishi cha kuzisoma zote. Hapa ndipo wengi huvunjika. Kila kadi mpya ina deni: itarudi kesho, keshokutwa, juma lijalo. Anayefungua kadi 50 kwa siku atajikuta, kabla ya mwezi kwisha, akidaiwa mamia ya kadi kila asubuhi, na siku moja ataacha kuifungua programu. Kadi 10 mpya kwa siku zinatosha. Katika miezi sita ni kadi 1,800. Nyingi ya zile elfu zifutwe bila huruma: vilio, majina, matusi, na sentensi ndefu zenye maneno mapya matano kwa pamoja. Inayofaa ni ile ambayo mwanafunzi anaielewa yote isipokuwa neno moja.

Asiye na tarakilishi anaweza kulitumia sanduku la Leitner kwa kadi za manila na boksi la viatu. Atakosa sauti kwenye kadi, lakini akiandika kando ya kila sentensi dakika inapopatikana katika filamu, ataweza kuirudia kwenye mashine ya DVD na kuitamka pamoja na msemaji. Ni kazi ya kuchosha. Waliofanya hivyo kwa kaseti zamani walifika.

Yapo ambayo kadi haitayafanya. Katika filamu watu wengi ni marafiki, wapenzi au maadui, hivyo huitana "du", wewe. Kijana aliyefunzwa na filamu pekee atamwita mgonjwa mzee au msimamizi wake "du", na itakuwa sawa na mtoto wa Pwani kumpita mzee bila shikamoo. Kila kadi yenye "du" ambayo ingeweza kusemwa kwa mkubwa inahitaji pacha wake wenye "Sie": "Wann fängst du an?" kwa mwenzako, "Wann fangen Sie an?" kwa unayemheshimu. Zote mbili zauliza "unaanza lini?"

Mdomo nao haufunzwi na masikio peke yake. Sehemu ya kuzungumza katika mtihani wa B1 kwa kawaida hufanywa na watahiniwa wawili kwa pamoja, kwa takriban dakika 15. Kwanza hupewa jambo la kupanga, kwa mfano kumtembelea mwenzao aliyelazwa, na huulizana, hupendekeza na kukubaliana. Kisha kila mmoja hueleza mada fupi na kujibu maswali ya mwenzake. Kadi zinaweza kumpa mtahiniwa sentensi za "waonaje?" na "afadhali tuende Jumamosi", kuzitoa kwa wakati mbele ya mtu anayesubiri jibu ni zoezi linalohitaji mtu wa pili, hata kama naye ni mwanafunzi kutoka Changamwe mwenye makosa yale yale.